Joto la redioni silo la pwani kwetu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema kwako na kwa wasomaji wako.

Wiki iliyopita mmechapa barua ya msomaji wa Mjini aliyekuwa analalamikia joto. Ati feni yake inazungusha moto, ati Darajani hakupitiki mchana, ati redio imesema nyuzi 33 na yeye anaapa zimefika 40. Barua ile nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea wifi yangu, tukacheka mpaka tukakumbushana kuwa tumefunga. Hatumdharau. Joto lake ni la kweli. Ila bwana yule kasimama kivulini.

Mimi ni mkulima wa mwani hapa Jambiani, Unguja. Nimeanza kuingia pwani mwanzoni mwa miaka ya tisini, muda si mrefu baada ya kazi hii kuanza hapa kwetu na Paje mwaka 1989, mbegu ilipoletwa kutoka Ufilipino. Wakati huo nilikuwa na mtoto mgongoni. Leo mtoto yule ana watoto wake. Sikusomea hali ya hewa. Lakini miaka thelathini na zaidi nimesimama ndani ya maji ya magoti, jua la utosi, na katika kusimama huko nimeona jambo moja ambalo sijalisikia redioni wala sijalisoma gazetini. Ile nambari moja ya joto tunayopewa kila siku, hata ikiwa sahihi, haitufai kitu sisi watu wa pwani mpaka iandamane na mbili nyengine: saa ya maji kukupwa, yaani bahari kutoka, na upepo.

Nianze na maji. Kwetu huku bamvua, zile siku za maji kujaa sana na kutoka sana, likiwa la mwezi mwandamo au la mwezi mpevu, hukupwa asubuhi. Saa nne, saa tano hivi maji yameshatoka, bahari imekwenda zake mpaka karibu na mwamba, na mgeni anayeiona mara ya kwanza hudhani imehama. Yanayobaki nyuma ni madimbwi na maji ya kifundo cha mguu, na humo ndimo zilimo kamba zetu tulizofungia mwani. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, hakuna ubaya. Maji hayo yanakuwa baridi mpaka vidole vinakakamaa. Kiangazi ndiyo kazi. Maji yanabaki pale yanapikwa, na mwani umo ndani kama mchicha.

Lakini siku mbaya kuliko zote si ile ya bamvua kubwa. Hili hata baadhi ya wageni wanaokuja na kofia zao na makaratasi hulipuuza. Maji kila siku yanachelewa, karibu dakika 50. Kwa hiyo ikifika siku ya tatu, ya nne baada ya bamvua kubwa, yanakupwa mchana kati. Hayaendi mbali kama jana yake, ni kweli, lakini yanatulia palepale jua likiwa kichwani. Siku hiyo ndiyo tunayoiogopa. Ikishapita, maji mafu yanaingia, maji yanakupwa alasiri na hata hayatoki sana, mwani unashinda umefunikwa, na redio inaweza kutangaza joto inalotaka.

Marehemu bibi yangu hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na miguu. Akirudi pwani kuokota chaza akiulizwa maji yakoje, alikuwa na majibu yake matatu. Ya kwanza, "maji ya kutawadhia," maana yake ni mazuri. Ya pili, "maji ya kumkogeshea mtoto," maana yake yana uvuguvugu, angalia. Ya tatu ilikuwa "maji ya kumkandia mzazi," yale ya moto anayokandwa mwanamke aliyejifungua, na hapo kama una chombo chako umekiacha dimbwini kina samaki hai ndani, kimbia ukakichukue. Nimekua nikidhani ni maneno ya mzee. Mpaka miaka ya karibuni, mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuja kufanya utafiti wake aliponiachia kipimajoto, kile cha kioo chenye maji mekundu ndani. Nimekifunga kamba nikakitia katika chupa ya plastiki niliyoitoboa matundu kisivunjike, nakwenda nacho kila ninapoingia. Maji ya kutawadhia ya bibi ni nyuzi 29 au pungufu. Ya kumkogeshea mtoto ni 33, 34. Ya kumkandia mzazi yanaanzia 36. (Anayejua kumkanda mzazi atasema hayo bado ni ya baridi. Ni kweli. Bibi alikuwa anatia chumvi kidogo.)

Naandika katika daftari la shule la mjukuu wangu, kurasa za nyuma, na tarehe ninazotumia ni za mwezi wa Kiislamu, si za kalenda ya ukutani. Hilo si kwa sababu ya dini peke yake. Mwezi ndio unaoendesha maji. Ukiandika mwezi nne, yaani siku ya nne tangu mwezi kuandama, basi mwezi nne ya Rajabu na mwezi nne ya Shaabani maji yanakupwa karibu saa ileile, na hapo unaweza kulinganisha siku na siku. Ukiandika tarehe 22 Januari ya mwaka huu na 22 Januari ya mwaka jana hujalinganisha kitu.

Sasa nikupe kurasa mbili za daftari hilo.

Mwezi nne ya Shaabani. Redio: nyuzi 32. Kaskazi linavuma tangu asubuhi, mtandio haukai kichwani, bahari ina vilima vidogo vidogo vyeupe kule nje. Maji yametulia mchana saa sita na kitu. Dimbwini katikati ya kamba zangu: nyuzi 33. Mwani mzima, una rangi yake ya kahawia, ukiuvuta unavutika.

Mwezi nne ya Ramadhani, siku chache tu zilizopita. Redio: nyuzi 33. Upepo umekata. Saa ileile, dimbwi lilelile: nyuzi 37.

Redio imeongeza nyuzi moja. Dimbwi limeongeza nne.

Siku hiyo ya pili nitaisimulia, kwa sababu ndiyo iliyonishikisha kalamu. Nimeingia pwani saa nne na wenzangu watatu. Mwezi huu wanawake wa mwani tunafunga mara mbili: tunafunga saumu na tunafunga mbegu, vile vitawi vya mwani, kwenye kamba, na vyote viwili havitaki mzaha. Asubuhi bahari ilikuwa shwari, imelala kama mafuta kwenye sahani. Hakuna hata kile kijiupepo cha kupuliza sikio. Adhana ya adhuhuri imetukuta tumeinama, na maji yalikuwa bado yanatoka, polepole, bila sauti. Nikanyanyua kamba ya tatu kutoka ufukweni. Kwa macho mwani ulikuwa mzima. Nilipoushika, ukateleza mkononi kama kipande cha sabuni kilicholala ndani ya maji. Nikautazama vizuri: kwenye vifundo vya matawi, pale linapotoka tawi dogo, rangi imekimbia, pamebaki peupe kama mfupa. Nikautikisa kidogo tu. Ukakatika vipande, vikazama. Mwenzangu kwenye kamba ya pili akanyanyua yake, akanyamaza. Hatukusemezana. Tulikwenda kamba kwa kamba tukichuma ule uliobaki na nguvu, tukautia katika magunia, mbegu ya kuanzia upya tukaiburura mpaka kwenye maji ya kiuno. Palikuwa na visamaki vidogo vimeelea tumbo juu kwenye dimbwi lenye mchanga mweupe. Kaa walikuwa wamekwishahama siku nyingi.

Msomaji wa Mjini atauliza, hasara yake kiasi gani? Mwani tunaupanda bamvua hili, tunauvuna bamvua la tatu, siku kama 45. Kilo nane, tisa za mwani mbichi zikianikwa hutoa kilo moja kavu. Kwa hiyo kamba moja ikifa siku ya arubaini, mimi nimefanya kazi ya bure siku arubaini, na zile tano zilizobaki nazo hazina maana. Kilo nilizopoteza sitaziandika hapa. Mume wa mtu asije akazisoma akaanza kupiga hesabu.

Na hiki tunachopanda sasa ndicho kile kilicho sugu. Vijana hawajui kuwa zamani sehemu hizi zilijaa kotonii, ule mwani mnene, wenye bei nzuri zaidi. Kotonii ilianza kufa na kufa, kila kiangazi ukirudi unakuta umeyeyuka, mpaka wengi wetu tukaiacha tukabaki na spinosamu, bei yake ndogo lakini inavumilia. Pemba bado wanaipata kotonii, na Pemba ndiko mwani mwingi wa visiwa hivi unakotoka siku hizi. Tumeshauriwa tuhamie maji ya kina kirefu, ambako hakuchemki. Ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui kuogelea na hatuna vyombo. Mimi nimezaliwa hatua mia kutoka baharini na maji yakinifika kifuani naanza kusoma shahada. Wasichana wa leo wanafundishwa, Alhamdulillahi. Mimi imeshanipita.

Niseme na upepo, maana hapo ndipo penye siri yenyewe.

Watu wanadhani kiangazi ni kitu kimoja, kinaanza Desemba vuli inapokatika na kinaisha masika ikianguka Machi. Sivyo. Viko viwili ndani yake. Cha kwanza ni cha kaskazi. Jua kali, mvua hakuna, vumbi, lakini upepo upo, unatoka baharini kwa mshazari, unayachezesha maji, unayasukuma mengine mapya juu ya mwamba, unakausha jasho. Hicho tunakipenda. Mwani ulioanikwa unakauka siku mbili ukalia kama makuti makavu, na huhitaji kuugeuza mara nyingi. Cha pili huja kaskazi linapochoka, mwisho wa Februari na Machi, kabla kusi halijashika. Hapo bahari imeshakusanya joto la miezi mitatu, na hakuna wa kuitikisa. Usiku na mchana havina tofauti kubwa. Mtu anakoga maghribi, akimaliza kujifuta analowa tena. Lakini ukisikiliza redio, nambari ni zilezile: 32, 33, 32. Kwa nambari hizo Januari na Machi ni ndugu wa tumbo moja. Kwa mwani, mmoja anakulea na mwengine anakuua.

Wazee wa Makunduchi hapo jirani walikuwa wakihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo wageni sasa hujazana kuitazama kila Julai watu wakipigana kwa migomba. Hesabu ile ilikuwa ya wakulima na wavuvi, ya kujua lini kupanda na lini kupanga safari. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba watu wale hawakuhesabu joto, walihesabu upepo na mvua, na sidhani kama walikuwa wajinga.

Huku juu nchi kavu nako kuna dalili zake. Mkungu ulio mbele ya nyumba yangu umegeuza majani mekundu na kuyamwaga yote, nafagia asubuhi, ikifika alasiri kama sikufagia. Kunguru wanashinda midomo wazi juu ya ukuta, na kelele hawapigi, jambo ambalo kwa kunguru ni maradhi. Kisima chetu cha zamani maji yameingia chumvi. Chai inayopikwa nayo haihitaji mtu kuonja mara mbili. Nyumba yangu ni ya bati, niliiezua makuti nikajiona nimeendelea. Mchana wa kiangazi sikai ndani. Nakaa chini ya mkungu usio na majani, tunatazamana.

Ipo na ile ya mwaka 1998, ambayo hainitoki. Mwaka mmoja kabla, vuli ya 1997 ilikuja na mvua ya El Nino, ikanyesha ikapitiliza mpaka Januari, hata kiangazi chenyewe hatukukiona. Tukashukuru. Lakini bahari ilikuwa inakusanya joto lake kimyakimya. Ilipofika Machi na Aprili, marehemu mume wangu, aliyekuwa mvuvi, alirudi siku moja akaniambia, "Mama fulani, mwamba umepakwa chokaa." Nikadhani ananitania. Baadaye tukasikia kwamba matumbawe yamekuwa meupe hivyo hivyo Mafia na sehemu nyengine nyingi za Bahari ya Hindi. Nchi kavu mwaka huo tulikuwa tunasema joto la kawaida. Chini ya maji kulikuwa kunaungua.

Ndiyo maana nakuandikia, Mhariri. Siwalaumu watu wa hali ya hewa. Kwa wavuvi wanafanya kazi nzuri, wanatangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, na wapo walio hai leo kwa sababu walisikia wakavuta ngarawa zao juu. Lakini tahadhari za upepo ni za upepo ukizidi. Hakuna aliyewahi kututahadharisha kwamba upepo utakatika. Wanapokuja kutuuliza kiangazi kikoje, wanauliza mvua imenyesha lini. Mimi mvua siihitaji. Mvua ikininyeshea mwani ulioanikwa imeniharibia.

Ninachoomba ni kidogo, tena hakihitaji bajeti. Saa za maji kujaa na kukupwa zinajulikana mwaka mzima mapema. Bandarini wanazo, kwenye mitandao zipo. Upepo wa kesho mnautangaza kwa ajili ya wenye majahazi na boti. Joto mnalo. Viwekwe pamoja mstari mmoja, katika miezi hii mitatu tu. Mkiona siku maji yanakupwa kati ya saa tano na saa nane mchana, na upepo ni hafifu, na joto ni 32 kwenda juu, andikeni neno moja mbele yake: hatari. Siku hiyo tutavuna mapema, hata kama mwani haujatimiza siku zake, au mbegu tutaihamishia karibu na mlango wa mwamba penye mkondo. Jioni ya kuamkia mwezi nne, kama ningelisoma neno hilo, ningeliingia pwani usiku na taa, maji ya usiku nayo yanakupwa, nikaivuna kamba ile ya tatu ikiwa na mwani wake.

Na tafadhali saa ziandikwe kwa Kiswahili. Mara moja niliona jedwali limeandikwa "10:40" na shoga yangu akaingia pwani saa kumi na dakika arubaini alasiri, akakuta maji yako kifuani na watalii wanavutwa na tiara juu ya maji. Saa nne na dakika arubaini asubuhi. Ni maneno machache tu zaidi.

Leo naandika ni mwezi tisa, maji mafu. Mwani uliobaki umefunikwa, unapumua. Kipimajoto asubuhi kimeonyesha 30, na upepo bado haujarudi. Bamvua la mwezi mpevu linatujia, na baada yake zile siku zake tatu, nne za kukupwa mchana. Nafasi gazetini msiniambie hamna. Ukurasa wa pili, pale chini ya saa za kufuturu na kula daku, pana kipande kitupu cha upana wa vidole vitatu. Nimekipima.

Mkulima wa mwani,
Jambiani, Kusini Unguja